Gari Letu la Chakula Kisumu na Wapishi Wageni: Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara

Kila siku pale dirishani tunajibu maswali mkono mmoja ukiwa umeshika mwiko, na jibu la haraka mara nyingi halimtoshi aliyeuliza. Hapa tumeyajibu tukiwa tumekaa. Ukiwa mteja, anza juu. Ukitaka kuja kupika nasi, maswali ya wapishi yako chini, ingawa tungependa usome yote kabla hujafika huko.

Hili gari ni la nani?

Ni la chama. Tuko watu kumi na mmoja, na wengi wetu tulikuwa tukiuza chakula kwenye vibanda vya Manyatta, Nyalenda na Kondele kabla ya kuunganisha akiba zetu. Tulinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, tukalipeleka kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye. Wakalikata, wakalichomelea, wakatuwekea meza, sinki, matangi ya maji na majiko ya gesi.

Ukitazama ubavu wa kulia utaona kiraka kikubwa cha bati. Hapo ndipo dirisha lilipokatwa mara ya kwanza. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo gari likiegeshwa kando ya njia, ubavu wa kulia ndio unaotazama barabara. Wateja wangesimama mbele ya matatu na bodaboda. Kosa lilikuwa letu tuliotoa maagizo, si la fundi. Tukaziba, tukakata upya kushoto, na juu ya kiraka tukapachika ubao wa vyakula vya siku. Siku hizi abiria wa matatu huusoma wakipita, na wengine hushuka kituo kinachofuata na kurudi kwa miguu.

Mpishi mgeni ni mtu gani?

Ni mtu anayejua kupika chakula kimoja vizuri sana, na aliye tayari kukipikia watu asiowajua. Basi.

Watu wengi wakisikia neno shefu huona kofia ndefu nyeupe. Tumepika na mashefu wa hoteli, na tuliwapenda, maana wanajua kupanga kazi na kupika kwa saa. Lakini wageni wetu wengi ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita mashefu: mama anayekaanga samaki kwenye ufuo wa Dunga tangu akiwa msichana, mzee wa Kinubi anayejua vitoweo vya nyumbani kwao, kijana wa kutengeneza chapati Kondele ambaye chapati zake huchanika kwa tabaka kama kitambaa. Wote wanapewa aproni ileile, na majina yao huandikwa juu kabisa ya ubao, juu ya jina la chakula. Hilo la jina tunalishikilia. Mtu amepika miaka thelathini akiitwa "wewe mama wa samaki", siku ile jina lake linasomwa na mtaa mzima.

Kwa nini hampiki ninyi wenyewe siku zote?

Alhamisi na Ijumaa tunapika wenyewe. Jumamosi na Jumapili tunamwachia mgeni jiko, nasi tunakuwa wasaidizi wake: tunakata vitunguu, tunaosha sufuria, tunapokea pesa.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mapishi ya huku kwetu haijaandikwa popote. Iko mikononi mwa watu. Tulilielewa hili vizuri siku tuliyomkaribisha bibi mmoja kutoka upande wa Vihiga aje apike mboga za mrenda na mitoo. Sisi sote tulikuwa tukilainisha mrenda kwa magadi ya dukani. Yeye alishuka kwenye matatu na mfuko wa maganda makavu ya maharagwe. Aliyachoma juu ya bati mpaka yakawa majivu, akayapakia kwenye kopo lililotobolewa matundu madogo chini, akamimina maji kidogo kidogo. Tukasubiri. Matone yakaanza kuanguka moja moja, rangi yake kama chai ya strungi iliyokolea, na baada ya muda mrefu kikombe kikafika nusu. Huo ndio munyu wenyewe. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akaongeza maji, akagusa tena. Alipotia vijiko viwili kwenye sufuria inayochemka, mboga ililainika ikabaki kijani kibichi, na ule uchungu wa mitoo ukashuka bila kupotea kabisa.

Mwenzetu mmoja aliyesomea upishi chuoni alisimama kando yake na daftari mchana kutwa. Anasema hajawahi kufundishwa jambo hilo darasani. Tunataka siku kama hiyo kila wiki.

Kwa nini ubao wenu una majina matatu au manne kwa mboga moja?

Kwa sababu foleni yetu ina watu wa kila upande. Managu kwa Mjaluo ni osuga, kwa Mluhya ni lisutsa, kwa Mkisii ni rinagu. Saga ni dek, ni tsisaka, ni chinsaga. Mrenda ni apoth kwa huyu na murere kwa yule. Tulianza kwa kuandika Kiswahili peke yake, tukaona wazee wanauliza mboga gani hiyo, na wakiambiwa kwa lugha yao uso unafunguka. Sasa tunaandika yote. Watoto wanaosubiri chakula na wazazi wao husoma ubao kwa sauti, na wengi wao huondoka wanajua jirani anaiitaje mboga ya nyumbani kwao.

Ukiona jina la lugha yako limekosewa, tuambie. Chaki iko pale.

Samaki wenu wametoka wapi? Ni wa ziwani kweli?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza ana haki. Katika masoko ya Kisumu leo kuna samaki wa kuvuliwa Ziwa Victoria, kuna wa kufugwa kwenye vizimba vilivyo humo humo ziwani, na kuna wale walioganda wanaotoka Uchina. Kwa macho, samaki akishakaangwa, si rahisi kuwatofautisha.

Sisi tunanunua asubuhi Dunga, kwa akina mama tunaowajua, na ubao huandika wazi: wa ziwani au wa kizimba. Wa kizimba si samaki mbaya. Siku nyingi ndiye anayepatikana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kulipa, na ananunuliwa akiwa bado mbichi. Tunachokataa ni kuuza huyu kwa jina la yule. Walioganda kutoka nje hatuwapiki, kwa sababu tuliahidiana tangu mwanzo kwamba pesa ya samaki ibaki ufuoni hapa.

Na kwa kuwa wazee hutusahihisha: ndiyo, ngege, yaani tilapia, tunayemla sasa si yule ngege wa zamani. Ngege wa asili wa ziwa hili amekuwa adimu sana. Huyu aliyejaa sokoni ni sato wa Mto Nile, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na mbuta, yaani sangara, naye alianza kuletwa miaka hiyo hiyo. Jina limebaki, samaki amebadilika. Bibi mmoja aliyepika nasi anakumbuka ngege wa utotoni mwake kuwa mtamu kuliko huyu, na hatuna sababu ya kubishana naye.

Mbona kuna miezi hamna omena?

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hufungwa upande wa Kenya ili wapate kuzaana. Wapo wanaovua kwa kujificha, na omena wao huuzwa. Sisi hatununui. Miezi hiyo jiko la omena tunaliachia maharagwe, mboga na nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Agosti wakirudi, tunachukua wale waliokaushwa juu ya nyavu, si wale wa kuanikwa chini, kwa sababu hawa wa chini hubeba mchanga na hata ukiwaosha mara nne bado utausikia kwenye meno.

Mgongo wazi ni nini, na kwa nini mnaupika?

Mbuta akifika kiwandani huchunwa minofu, na minofu mingi husafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikamana na mifupa. Ndio mgongo wazi. Familia nyingi za Kisumu zimekuzwa kwa huo, na akina mama wengi wamesomesha watoto kwa kuukaanga na kuuza kando ya barabara.

Wengine wanatuambia tuuache kwa sababu ni chakula cha shida. Hatukubaliani nao. Mmoja wa wageni wetu huuchemsha taratibu pamoja na nyanya, dania na ndimu mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga wala kitu kingine. Siku anapopika, kinachoisha kwanza ni hicho.

Nyama yenu ni halali? Na sisi Wasabato je?

Nyama na kuku wote huchinjwa na Mwislamu. Nguruwe hajawahi kuingia kwenye gari hili wala hataingia, na pombe hatupikii wala hatuuzi. Ijumaa tunasimama karibu na Kaloleni baada ya swala, na huwezi kusimama pale ukiwa na jambo la kuficha.

Kwa ndugu zetu Wasabato: kambare, yaani mumi, ana sufuria yake, karai lake na mafuta yake, kwa sababu tunajua samaki asiye na magamba hamumli. Mgeni akitaka kupika mumi tunamweleza hilo kabla hajawasha jiko. Mafuta yaliyokaanga mumi hayakaangi ngege.

Mnasimama wapi na lini?

Alhamisi Kondele, Ijumaa karibu na Kaloleni, Jumamosi njia ya Dunga, Jumapili Kibuye maana ndiyo siku kubwa ya soko. Tunafungua dirisha saa sita mchana. Chakula kikiisha tunafunga, na mara nyingi huisha kabla ya saa kumi. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri, kwa hiyo tuna turubai. Radi ikizidi tunashusha turubai na kungoja.

Mnakuja Nakuru, Kakamega au Busia?

Kwa mwaliko, ndiyo, ikiwa anayetualika atachangia dizeli. Busia tulipika pamoja na mama kutoka upande wa Uganda aliyetengeneza luwombo, kitoweo kinachofungwa kwenye majani ya ndizi na kupikwa kwa mvuke. Nakuru tulipata mgeni wa mukimo, chakula cha viazi vya kupondwa, na viazi vyake vilitoka Molo asubuhi ile ile vikiwa na udongo. Njia ya Nakuru ni ndefu kwa gari lenye umri wa hili letu, na majiko yakitingishika muda wote huo fundi lazima ayakague upya. Kwa hiyo si mara nyingi.

Bei ikoje?

Ugali, mboga na omena au maharagwe ni shilingi 120. Chakula cha mpishi mgeni hakizidi shilingi 250, isipokuwa samaki mzima na kuku wa kienyeji, ambao bei yao hufuata soko la asubuhi na huandikwa ubaoni kabla ya saa sita. Tunapokea pesa taslimu na M-Pesa. Hatukopeshi, lakini hakuna anayeondoka na njaa. Soma swali linalofuata.

Sahani ya jirani ni nini?

Pembeni ya dirisha kuna kasuku, yaani ndoo ndogo ya mafuta ya kupikia, iliyojaa vipande vidogo vya mbao, vilivyopigwa msasa na fundi seremala wa Manyatta. Ukinunua chakula unaweza kulipia sahani ya pili, na tunatia kipande kimoja ndani ya kasuku. Mtu asiye na pesa siku hiyo huchukua kipande, anasimama kwenye foleni kama wengine, anakitoa dirishani na kupewa sahani kamili, chakula kile kile, kipimo kile kile.

Hatuulizi jina, hatuulizi sababu, hatupigi picha. Hili la picha limetugharimu. Wahisani wawili walitaka kutusaidia kwa sharti la kupiga picha wanaokula, tukakataa. Mwanamume mzima aliyekosa kibarua wiki nzima anapokula, anakula. Si tangazo la mtu.

Kasuku ikiwa tupu, gari lenyewe hujaza, kutoka kwenye robo ya mapato ya wikendi tunayoeleza hapa chini. Na wapo waliochukua kipande mwezi uliopita ambao mwezi huu wanalipia wawili. Hatuwahesabu, lakini tunawaona.

Firigisi mnampa nani?

Mnaouliza ni Waluhya, tunawajua. Siku ya ingokho, firigisi ya kila kuku huwekwa kando, na anapewa mtu mzima kuliko wote aliye kwenye foleni wakati kuku huyo anapakuliwa, mwanamume au mwanamke. Nyumbani ni haki ya baba mwenye nyumba. Hapa hakuna baba mwenye nyumba, na mpishi aliyetupikia ingokho mara ya kwanza ndiye aliyeamua hivyo. Tumeendelea na uamuzi wake.

Mnahakikishaje chakula ni salama?

Kila anayeshika chakula, mgeni au mwenyeji, ana cheti cha afya kilicho hai. Cheti hudumu miezi 6. Gari lina kibali cha biashara cha kaunti, na afisa wa afya ya umma huingia ndani wakati wowote anaotaka. Maji ya kunywa na ya kuoshea kachumbari huchemshwa. Sabuni na maji ya kunawa viko nje, kabla ya kufika dirishani.

Kuhusu joto tunafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: chakula kiive mpaka ndani kifike nyuzi 70, kikae juu ya nyuzi 60 mpaka kipakuliwe, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Tuna kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, na mgeni yeyote akikataa kukitumia hapiki.

Tulijifunza kwa uchungu. Mwanzoni tulipika maharagwe usiku ili tuwahi asubuhi, tukayaacha kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko. Sufuria kubwa haipoi upesi, katikati hubaki vuguvugu saa nyingi. Asubuhi tulipofunua, povu lilikuwa juu na harufu kali. Tulimwaga yote, maharagwe ya gorogoro kumi, tukaandika ubaoni kwamba siku hiyo hakuna chakula na kwa nini. Watu walitusikitikia, wachache walikasirika, nao walikuwa na haki. Tangu siku ile hakuna kinacholala. Kinachopikwa leo kinaliwa leo.

Kama una mzio wa karanga, samaki au maziwa, sema kabla ya kuagiza. Karanga huingia kwenye mboga nyingi za huku bila kuonekana.

Kwa nini mnatumia sahani za mabati? Nikitaka kufungiwa je?

Sahani za mabati huoshwa na kutumika tena, na takataka hazibaki nyuma yetu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini vifungashio vingine bado vipo vingi, na mvua ikinyesha vyote huteremka kwenye mitaro mpaka ziwani, tunakotoa samaki. Ukitaka kubeba, njoo na kopo lako, tutalijaza. Usipokuwa nalo tunakufungia kwa jani la ndizi na karatasi, ila si mchuzi. Makombo huenda kwa mfugaji anayezalisha funza wa kulisha kuku.

Sasa mimi nataka kuja kupika. Naanzaje?

Njoo dirishani Alhamisi baada ya saa tisa, wakati foleni imepungua, utuambie unapika nini na ulifundishwa na nani. Hatutaki barua wala picha. Tutakuomba upike kwanza kwa watu kumi na mmoja, yaani sisi, nyumbani kwa mmoja wetu, na viungo tunanunua sisi. Si mtihani wa ladha peke yake. Tunataka kuona unavyofanya kazi, unavyoosha mikono, unavyopanga vitu, kama unaweza kusema "nimechelewa, nisaidieni" bila kuona aibu.

Cheti cha afya kama huna tutakuelekeza kwenye ofisi za kaunti, na ada tunalipa sisi ukishakubaliwa.

Nitalipwa?

Ndiyo, siku ile ile, kabla gari halijaondoka. Kwanza tunatoa gharama ya viungo na gesi, na risiti zote unaziona. Kinachobaki, nusu ni yako. Robo ni ya gari, na robo inaingia kwenye sahani za jirani. Mahali pengi mpishi anayealikwa huambiwa kwamba kujulikana ndiyo malipo yake. Kujulikana hakulipi karo. Hata shefu wa hoteli anayetuambia hataki chochote tunampa nusu yake, na akitaka kuitia kwenye kasuku, aitie kwa mkono wake mwenyewe.

Mapishi yangu yatabaki kuwa yangu?

Yatabaki yako. Tunaandika kwenye daftari ukikubali, na ukikataa hatuandiki. Ukiondoka, chakula chako kinaondoka ubaoni. Tukitamani kukipika tena tunakupigia simu, na ukituruhusu, kila siku tunayokipika tunakutumia sehemu yako. Tuna wageni wawili waliorudi vijijini kwao ambao bado wanapokea kitu kila mwezi kwa sababu ya mchuzi mmoja na aina moja ya uji.

Mama mmoja alitusimulia kwamba aliwahi kufundisha hoteli fulani kupika aliya, ile nyama ya kukaushwa juani na kupikwa na samli, kisha akaikuta kwenye orodha yao kwa jina la shefu mwingine. Alikuja kwetu akiwa na wasiwasi, na hatumlaumu. Aliya yake tunaipika kwa jina lake tu.

Sijawahi kupikia zaidi ya watu kumi. Nitaweza?

Utaweza, ukituruhusu tukusaidie kwenye vipimo. Ukizidisha watu mara kumi, usizidishe kila kitu mara kumi. Sufuria kubwa haipotezi maji kwa kasi ya sufuria ndogo, kwa hiyo maji hupunguzwa. Chumvi na pilipili tunaanza na pungufu, tunaongeza mwishoni. Kitunguu kingi kikitiwa mara moja hakikaangiki, huchemka katika maji yake, basi tunakaanga kwa mafungu. Ugali wa mtama na muhogo hatuusongi wa watu sitini mara moja, hata ungekuwa na mkono wa chuma: tunasonga mdogo mdogo, moto moto, siku nzima.

Mchele wa pilau tunaupima kwa kilo, si kwa kikombe. Tunatumia mchele wa Ahero, na maji yake hutegemea kama ni wa msimu huu au umekaa ghalani, kwa hiyo asubuhi tunajaribu sufuria ndogo kwanza.

Mimi si wa huku. Naweza kuja?

Tafadhali njoo. Mpishi mmoja alitoka Mombasa kwa basi la usiku na gunia la nazi, aje apike samaki wa kupaka. Kwao hutumia samaki wa baharini aitwaye changu. Tulipomkabidhi ngege alikaanga kipande kidogo bila chumvi, akala polepole, akatuambia samaki wa maji baridi hana chumvi yake mwenyewe na nyama yake ni laini zaidi, kwa hiyo mchuzi lazima ubadilike. Akaongeza ukwaju, akapunguza tui, akawachoma ngege kwanza mpaka ngozi ikashika, ndipo akaanza kuwapaka, akigeuza na kupaka tena, mchuzi ukidondoka kwenye makaa na moshi wa nazi ukitanda mpaka ng'ambo ya barabara. Aliuliza watu watakula na wali au na sima. Tukamwambia sima ndiyo ugali, na huku ugali wenyewe ni wa mtama. Akajaribu pamoja. Wiki mbili baadaye alipiga simu kutoka Mombasa akitafuta mahali pa kupata unga wa mtama na muhogo uliosagwa pamoja.

Mahali pa kulala tutakutafutia kwa mmoja wetu. Nauli tunachangia.

Watoto wanaweza kuja kujifunza?

Likizo za shule, Jumamosi, kuanzia miaka kumi na miwili, mzazi akiwa karibu. Wanachambua mboga, wanaparua samaki, hawakaribii karai la mafuta.

Nije na nini siku ya kupika?

Sufuria, visu, karai, majiko na viungo tunavyo. Njoo na viatu vilivyofunikwa mbele, kitambaa cha kichwa, kitambulisho na cheti chako cha afya. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, maana kabla ya kwenda sokoni tunakunywa chai na kugawana kazi. Ikiwa una mwiko wako uliouzoea, uje nao. Wageni karibu wote huja nao, hata tuliowaambia tunayo mingi, na kwenye ukuta wa ndani, juu ya sinki, tumepigilia misumari mitatu ya kuitundika.